Misumari kwenye Akala za Nekesa

Wafula rafiki yangu,

Niaje huko. Sisi tupo. Kibanda chetu bado kiko Kariokor pale pale, ila kwa kiti chako niliweka matairi, sikutaka mtu akikalie.

Nekesa wako alirudi. Walienda na wenzake wa chuo wiki mbili, Vienna, Brussels, wakamalizia Geneva. Waliingizwa kwa maofisi ya mataifa, wakaonyeshwa mahali wakubwa wanaketi kuamua maneno ya dunia. Picha ni mingi. Lakini ni ya Geneva nataka kukuambia.

Unakumbuka zile akala, ndala zetu za matairi. Chuo kilisema siku ya mwisho kila mtu avae kitu cha kwao. Soli ulikata mwenyewe, tayari unaumwa, halafu ukaniambia ukiwa kwa kitanda cha hospitali, "Musa, malizia na uzi. Usipige msumari hata moja." Ni ule mlango wa benki wa kukagua chuma, ulikulilia kwa misumari ya akala zako, askari akakuvua viatu mbele ya watu. Hukutaka msichana wako apitie hiyo. Nikasema sawa.

Kushona ni siku mbili. Mpira ulikuwa unaanza saa kumi. Nikapiga misumari, nikafunika na ngozi ya juu, nikaenda kutazama mpira Kaloleni. Kesho yake nikakuletea. Ukapitisha kidole gumba. "Umeshona?"

"Nimeshona, mzee."

Ukatabasamu, ukasema sasa uko poa. Hiyo wiki haikuisha, ukatuacha.

Wafula, mlango wa huko Geneva ulilia. Nekesa akavuliwa akala, zikapelekwa kuangaliwa, wenzake wakaingia. Na ni yeye alikuwa amechaguliwa kuuliza swali kwa niaba ya wote, lile mlipanga na yeye hospitalini: mbona viatu wamechoka navyo vinafika kwetu kila siku, na vyetu havifiki kwao. Alipofika ndani watu walikuwa wanapiga makofi. Maswali yamefungwa.

Alinisimulia hapa kibandani, ameniletea chokoleti. Alikuwa anacheka. "Anko Musa, Baba naye! Fundi miaka yote hiyo, anasahau msumari? Kumbe ugonjwa ulikuwa umemmaliza."

Hakujua ni mimi nilizimalizia. Nikacheka na yeye. Hiyo ndiyo inaniuma kushinda ile ya mpira. Mtoto anasema mkono wako ulikosea, mimi nacheka, nakula chokoleti yake.

Nilikaa na hiyo maneno siku tatu. Ya nne nikaenda kwenu Ziwani, nikamwambia mbele ya mama yake. Si baba yako aliyekosea, Nekesa. Aliniambia nishone, mimi nikapiga misumari, nikamdanganya akiwa kitandani. Mama Nekesa akasema tu, "Wewe Musa." Nilijitoa mlangoni mwenyewe.

Asubuhi nikamwona amekuja na akala kwa mfuko wa karatasi. Akatoa yale matairi kwa kiti chako, moja moja, akaketi.

"Toa misumari yote. Nikiangalia."

Ilitoka misumari kumi na nane. Alikuwa anaipokea na kiganja. Halafu nikaanza kushona, siku mbili, na zote mbili alikuja. Ya kwanza aliangalia mkono wangu tu. Ya pili, karibu nimalize, akainama. "Hapo umeruka, anko. Baba angekufumua na hiyo akala."

Nilirudia hapo.

Swali ameliandika, mwalimu wake amesema atalituma. Kama watajibu, sijui. Ile nafasi ya kusimama pale na kuuliza na mdomo wake, hiyo nilimnyima na siwezi kurudisha.

Anakuja nyumbani Bungoma Krismasi, atakusomea hii hapo ulipo. Atakuwa amezivaa. Kiti chako sijarudisha matairi, amesema Jumamosi atakuwa anakuja kuangalia kazi.

Lala, Baba Nekesa. Kuanzia sasa nikisema nimeshona, ujue nimeshona.

Mimi, Musa