Kirusi cha Mtungini

Songea, Jumanne, Juni 1993

Bado nina hasira, ila picha nimeiona.

Maabara ya Ulaya yenye hadubini ya elektroni imejibu kuhusu vipande vya koo la kuku waliokufa kwa mdondo kule Mshangano. Chupa ishirini na nne. Maelekezo yalisema zikae baridi, zisigande. Mimi mhudumu wa maabara nilipomkumbusha daktari wetu wa mifugo, alinijibu mbele ya watu, "Mama Ngonyani, darasa la saba lako ndilo litakalonifundisha? Chanjo tunaweka wapi? Tia friza!"

Nikatia kumi na mbili. Zilizobaki nikazificha stoo, ndani ya mtungi wa maji, zipoe bila kuganda.

Za friza, seli zote zimepasuka. Za mtungini zimetoa picha: kirusi kimeng'ang'ania utando wa seli kama kupe, kinaanza kuzama ndani. Kwa rula kina milimita kumi na mbili, na picha imekuzwa mara elfu sitini. Basi chenyewe ni sehemu moja ya elfu tano ya milimita, na kinamaliza banda zima.

Kikaoni daktari akasema, "Sampuli zangu zimefaulu." Nikapiga makofi na wenzangu. Orodha ya watakaopunguzwa kazi anaiandika yeye.

Baadaye akanivuta pembeni. "Mama, hivi kirusi chenyewe ni kipi hapa? Ijumaa wageni wa wizarani wataniuliza."

"Nitawaonyesha mwenyewe, daktari," nikamwambia. "Nitaanzia kwenye mtungi."

Naogopa, lakini mtungi nimeshauosha.