Zamu ya Nyumba Yetu

Jumamosi, 3 Agosti 2024
Wiki tatu leo tangu tumzike Emmanueli. Siku kumi na moja tu aliishi. Jina tulilichagua wenyewe — Mungu pamoja nasi. Pamoja na nani? Sijasali tangu siku ile. Mume wangu Lazaro hajui, anadhani nasali kimoyomoyo.
Meseji ya Penina, mwenyekiti wa jumuiya: Jumamosi ijayo sala ni kwetu. Jamani! Na mama wa nyumba ndiye anayeanzisha Baba Yetu.

Jumapili, 4 Agosti
Mama mkwe kakata tawi, kalilaza njiani pale kwenye mbaazi. Kwetu Wairaqw nyumba iliyozika kichanga haiingiwi, na tawi ndiyo alama. Mambo ya zamani, na rozari anayo shingoni! Lazaro kanuna, kasema sisi ni Wakristo. Mama kalisawazisha tawi lake. Mimi nimefurahi, niseme ukweli. Nimepata kisingizio.

Jumatano, 7 Agosti
Ukungu mpaka saa tano. Lazaro kapeleka watalii kuona kreta. Maziwa kifuani bado yanatoka. Nimeyakamulia kwenye majivu, nikalia — kwa hasira! Nikamwambia Mungu kwa sauti: Ulimtaka wa nini? Wewe una watoto wangapi, ukamtaka wangu?
Halafu nikashtuka. Siku zote hizi nimemnunia, leo nimemfokea.

Ijumaa, 9 Agosti
Penina kaja, kasimama ng'ambo ya tawi. Anauliza kama kesho waje, saa kumi na mbili asubuhi. Nikajua mama mkwe atamfukuza. Wapi! Mama kasema mwiko ni wa kuingia, kuimba hakuna mwiko. Kisingizio changu kwisha.
Tukiwa tunapukuchua mahindi nikamuuliza mama mkwe. Yeye alizika watoto wawili — alikuwa anasalije? Kachukua hindi jingine. Kasema mwaka mzima, kwenye Baba Yetu, akifika "utakalo lifanyike" alikuwa anafunga mdomo. Anawaacha wenzake wapite, halafu anaingia tena kwenye mkate wa kila siku. Mkate alikuwa anauhitaji, kasema. Akaendelea kupukuchua.

Jumamosi, 10 Agosti
Wamekuja kweli. Baridi hii! Wamejifunga mashuka, wamejipanga ng'ambo ya tawi. Hakuna aliyevuka. Nawaona dirishani. Mama mkwe kabeba kigoda chake mpaka pale, kakaa upande wetu. Kisha karudi kuchukua cha pili, kakiweka kando yake.
Wimbo wa kwanza umeisha. Wanasubiri nianze. Hawaniiti. Mtu anakohoa, nadhani ni mzee Josephati, kifua chake kile. Watapata ugonjwa hawa kwa ajili yangu!
Na mimi niko mezani na kalamu, najidai nina kazi.
Sina la kumwambia Mungu. Bado nina hasira naye. Nikianza, kwenye "utakalo" nitanyamaza, wote watasikia.
Penina kaurudia wimbo, kutoka ubeti wa kwanza. Mama mkwe kageuka, anatazama mlango.
Kandambili zangu ziko wapi —