Mstari wa Mkunga

Jumatatu, 6 Juni 1994
Makadirio ya mwaka ya baraza yamerudi kwangu mchapaji kutoka kwa mdosi, bosi wetu. Kamati ya madiwani ikishapitisha, yeye ana ruhusa ya kukata mstari mmoja na kuacha mingine. Hakuna wa kumuuliza. Kwa kawaida hukata chai ya wageni. Leo kalamu nyekundu imepita juu ya "Mkunga, kliniki ya Kambi Muru". Nimesoma mara tatu. Mwaka wa bajeti unaanza Julai. Dada yangu Atieno anajifungua Julai, hapo hapo Kambi Muru.

Jumanne, 7 Juni
Nimepitia kwa Atieno. Alikuwa anakaanga omena, miguu imefura. Mtoto wa kwanza alimzaa bila mkunga, tukamzika kesho yake. Leo ananiambia, "Safari hii niko na Sista Nekesa, siogopi." Nikamsaidia kugeuza omena. Nimerudi Kawangware nikaufunika ugali bila kula. Mimi ndiye naogopa.

Jumatano, 8 Juni
Kufuta mstari kwa stensili, ile karatasi ya nta ya mashine ya nakala, si kazi ngumu. Unapaka rangi ya kufutia, unangoja ikauke, unapaka tena. Ukipaka mara moja wino hupenya. Kila mchapaji anajua.

Nimepaka mara moja. Nyembamba. Jumla sijaigusa, bado ina mshahara wa mkunga.

Mdosi amesaini ukurasa wa mwisho akiwa kwa simu, kurasa zingine hakufungua. Nimezungusha mashine, nakala zimetoka. Mstari umefifia lakini unasomeka. Mjinga mimi. Nitafutwa kazi, na nikifutwa nitaenda wapi?

Alhamisi, 9 Juni
Nakala zimeenda kwa madiwani. Simu ikilia, naiacha ilie mara tatu kwanza. Nimeenda choo mara nne.

Ijumaa, 10 Juni
Mkutano. Diwani mmoja amesimama akamshukuru mdosi mbele ya watu kwa kumhurumia mkunga asimkate. Makofi. Mdosi alifungua nakala yake, akasoma, akatabasamu. Angefanya nini, aseme yeye ndiye alimkata? Kisha akanitafuta kwa macho. Nilikuwa nyuma, naandika kumbukumbu. Kidogo nijikojolee.

Jumatatu, 13 Juni
Ameniita. Stensili ilikuwa juu ya meza. Hakufoka, na heri angefoka.
"Ulipaka mara ngapi?"
"Mara moja, sir."
Akaikunja stensili. Nikangoja barua ya kufutwa.
"Kesho uende stoo," akasema. Basi.

Jumamosi, 9 Julai
Atieno amejifungua asubuhi. Msichana. Alikuja na kitovu kimemzunguka shingo, na Sista Nekesa akakitoa bila haraka, kama mtu anavua shanga. Baadaye akaomba maji ya kunawa, nikamshikia beseni. Hajui kwamba alikuwa amekatwa.

Huko stoo nahesabu mifagio. Hakuna taipu. Mwakani makadirio yatachapwa na yule msichana mpya aliyepewa meza yangu, na yeye ni mtu wa kupaka mara mbili.

Mtoto analia. Naenda kumshika, Atieno alale kidogo.