Mama Bolumbu Asomewa Kitabu cha Nyama

Kisangani, mvua inanyesha

Papa yangu mpendwa,

Niko hai. Tangu jana mabomu yamenyamaza, na leo nimekula pondu, yale majani ya muhogo, kwa samaki.

Tonton Paluku, mjomba wangu anayefundisha chuoni, aliokoa kitabu kimoja kwenye maktaba ya chuo iliyobomolewa. Kinasema ulaji wa nyama unazidisha joto duniani. Kabla ya kukifundisha, alitaka kujua kama mwandishi ni mjuzi kweli. Basi tukakipeleka sokoni kwa Mama Bolumbu, muuza nyama ya pori. Yeye akinusa tu kipande kilichokaushwa, anakutajia mnyama na kuni zilizomkausha! Tonton akamsomea sura ya wawindaji.

“Huyu hakufika mu pori,” akasema Mama Bolumbu. “Anaandika ile alisikia.”

Kwenye sura ya ng'ombe akamkatiza.

“Bon, hapa mimi sijui. Muulize mutu wa ng'ombe.”

Papa, Tonton akaandika jina la Mama Bolumbu pembeni ya ukurasa, kama anavyoandika majina ya maprofesa.

Wewe umechunga maisha yako yote: ni kweli pumzi ya ng'ombe anayecheua inaharibu anga? Tujibu. Tonton amekuachia nafasi ya jina lako pembeni ya sura hiyo.

Mungu akufunike, wewe na Mama.

Kavira wako