Injini ya Mbaraka Mgongoni Mwangu

Ngamiani, Tanga. Jumapili, 1956.

Mvua za vuli zimepumzika tangu jana, na leo jua limetoka kali mpaka tope la mtaani limeanza kupasuka. Siku njema ya kujaribu gari. Nimerudi kabla ya adhuhuri, nimeswali, nimekataa chakula, na sasa nimekaa karakanani na daftari hili nililolinunua kwa kuandikia vipimo vya bolti. Leo sina kipimo cha kuandika.

Gari linatembea. Nianze na hilo, maana mtaa mzima ulisema halitatembea.

Nimelijenga kwa mikono yangu, huu mwaka wa pili. Chasi ni ya kigari cha zamani cha bwana mmoja wa shamba la mkonge huko Pongwe. Injini yake ilipasuka, kikatupwa nyuma ya ghala, kuku wakawa wanatagia ndani. Bodi ni mbao nyembamba na mabati ya madebe ya mafuta ya taa, niliyoyakunjua na kuyanyoosha kwa nyundo. Mke wangu Zuhura huliita kabati. Majirani wana jina baya zaidi, siliandiki.

Kilichokosekana ni injini, na miezi michache iliyopita nikaipata, ya pikipiki, silinda moja. Nimeifunga nyuma ya kiti ili mnyororo uwe mfupi kufika kwenye ekseli, na ubavuni nimekata madirisha mawili ipate upepo, kwa sababu injini ya namna hii haipozwi kwa maji, ukiifungia inajichoma. Mnyororo unavuta gurudumu moja tu la nyuma, basi gari linapenda kwenda kushoto kama punda aliyeona majani. Kiki imetokeza nje. Unasimama barabarani, unaipiga teke, kisha unaruka ndani upesi kabla haijabadili nia. Halafu kuna lile ambalo kila fundi alinikumbusha nami nikacheka: pikipiki haina gia ya kurudi nyuma. Ukitaka kurudi, teremka usukume.

Ungekuwa mzaha mzuri kama injini ingekuwa ya mtu mwingine.

Ni ya Mbaraka. Swahibu yangu tangu chuoni kwa mwalimu wa Kurani, tulipokuwa tukichapwa pamoja kwa bakora moja. Alikuwa akinunua mbata, nazi kavu, huko Mwera na vijiji vya njiani, na pikipiki yake ilijulikana kutoka hapa hadi Pangani. Akipunguza mafuta kwenye kona, ilikohoa mara mbili, kisha ikaendelea. Mimi ndiye niliyekuwa nikiitengeneza, na mara nyingi nilipanda nyuma yake, nimemshika kiuno, akinisimulia mambo ambayo upepo uliyachukua yote.

Alikufa mwezi wa Ramadhani, kwenye kona ya Tongoni, karibu na yale makaburi ya kale. Gurudumu la mbele lilimtoka.

Watu walisema kona ile ina wenyewe. Mzee mmoja alisema Mbaraka alipita bila kutoa salamu kwa waliolala pale, mwingine akasema aliona mbuzi mweupe asiye na mchungaji. Wengine, wenye akili zaidi, wakasema ajali haina kinga. Nami nikaitikia yote mawili, jini na ajali, ilimradi mtu asiulize juu ya gurudumu.

Sasa niandike. Sijawahi kuyaandika haya, wala Zuhura hayajui.

Siku moja kabla ya safari ile Mbaraka aliniletea pikipiki nibadilishe beringi za gurudumu la mbele. Ilikuwa alasiri, nimefunga, kichwa kinaniuma, na harufu ya futari inatoka kila nyumba. Nilipokuwa narudisha gurudumu, ile pini ndogo inayozuia nati isifunguke ilinikatikia mkononi. Sikuwa na nyingine. Maduka yalikuwa yanafungwa, na adhana ya magharibi ilikuwa imekaribia. Nikakata kipande cha waya, nikakipitisha kwenye tundu, nikakisokota. Nikajiambia kesho asubuhi nitatafuta pini. Haraka haraka haina baraka, nawaambia wengine kila siku.

Lakini Mbaraka alikuja alfajiri, mara tu baada ya sala, nami nilikuwa nimerudi kulala baada ya daku. Alibisha dirishani. Akauliza kama iko tayari. Nikasema tayari, bila hata kuinua kichwa kwenye mto.

Neno hilo moja tu.

Tulipokwenda kumchukua Tongoni, niliwaacha wenzangu wakimfunika, nikainama kwenye kile chuma. Nati haikuwapo. Nusu ya waya wangu ilikuwa imebaki tunduni. Niliuchomoa nikautia mfukoni, nikaenda kushika ncha ya machela.

Siku ya maziko, kabla ya kumswalia, mjomba wake alisimama mbele ya jeneza kama ilivyo ada. Akasema: jamani, huyu ndugu yetu ameishi nanyi, huenda alimkosea mtu kwa ulimi au kwa mkono, tunaomba mumsamehe. Sote tukaitika kwamba tumemsamehe. Sauti yangu niliisikia wazi kuliko zote. Mimi nimemsamehe Mbaraka! Hakuna ada ya kumtaka asimame yule aliyemkosea maiti. Ingekuwapo, sijui kama ningesimama.

Baada ya arubaini nilikwenda kwa mama yake, Bi Mwanaidi, nikamwomba ile pikipiki. Ilikuwa imeegemezwa uani, imefunikwa mkeka. Nilimwambia nataka injini niiweke kwenye gari langu, iwe ukumbusho. Alilia, akaniombea dua, akasema afadhali iende kwa mtu aliyempenda mwanawe. Uongo wangu ulikuwa na nusu ya kweli ndani yake, na uongo wa namna hiyo ndio unaodumu. Nilichokitaka ni ule uma wa mbele unaoshika gurudumu, na gurudumu lenyewe, fundi mwingine asije akavitazama. Nilivikatakata kwa msumeno, nikavitumbukiza kwenye shimo la choo. Injini ilibaki mezani, nikalazimika kuitumia, maana nilikwisha kusema.

Kwa hiyo hilo gari ambalo mtaa unalicheka limegeuka kasri la kuficha kosa. Mbao, mabati, rangi ya kijani niliyopaka mara tatu, yote hayo.

Leo asubuhi nimepiga kiki mara ya nne ikawaka. Nilikuwa nimejiandaa kwa mengi, moto, mnyororo kukatika, klachi kugoma. Sikuwa nimejiandaa kwa sauti. Nilipokuwa fundi wake niliisikia ikiwa mbele yangu, chini ya mkono wangu. Leo ilikuwa nyuma ya mgongo, na joto lake likinigusa mabegani, kana kwamba sasa yeye ndiye aliyepanda nyuma na mimi ndiye ninayempeleka. Nilitaka kuzima, lakini majirani walikuwa wameshatoka na vikombe vyao vya kahawa, na mimi ni mtu ninayependa kusifiwa. Nikaenda.

Nilikusudia kuzunguka kwa njia ya stesheni na kurudi. Mtaa wa Bi Mwanaidi sikuwa na nia ya kuukaribia. Lakini barabara ilikuwa imechimbwa kwa ajili ya bomba la maji, rundo la udongo limeziba, nikalazimika kukata kushoto, ambako gari lenyewe lilitaka. Nilipogundua niko wapi, kichochoro kilikuwa kimekwisha kuwa chembamba. Kurudi nyuma hakuna. Nilipunguza mafuta ili nipite polepole, na injini ikakohoa mara mbili.

Bi Mwanaidi alikuwa amekwisha kufika mlangoni nilipomwona. Mkono mmoja ameshika kopo la maji, mwingine taulo, kwa sababu mwanawe alikuwa akirudi na vumbi la Mwera na hakuruhusiwa kuingia kabla ya kunawa. Alikuwa amejifunga kanga vibaya, upande mmoja unaburuta. Alikuwa anatabasamu.

Nimeona maiti wengi, nimembeba Mbaraka mwenyewe. Sijaona kitu kama tabasamu lile lilivyoondoka.

Nilisimamisha gari. Nikasema shikamoo mama, akaitikia marahaba kama mtu anayeitikia kutoka chumba kingine. Niliponyoosha mkono kuzima, akanizuia.

"Usiizime, mwanangu. Iache iseme kidogo."

Akaweka kopo chini, akaja akaweka kiganja juu ya bati, nyuma ya kiti, na akakiacha pale ingawa lilikuwa la moto. Alisimama hivyo muda mrefu, akitazama chini. Kisha akanieleza, kwa utaratibu kabisa, kwamba tangu mwanawe afe anaogopa kusahau sauti yake, na kwamba asubuhi hii Mungu amemrudishia kitu. Akaniomba nipite kila siku nikiweza, hata kama sisimami. Akasema mimi ndiye mwana aliyebaki. Akaniombea umri mrefu.

Hapo ndipo niliposhindwa. Sijui kama ni imani au ni joto la kile chuma. Nilizima injini bila ruhusa yake, nikateremka, na kwenye ukimya ule nikamwambia. Nilianzia kwenye pini. Nikaeleza waya, futari, nati, waya mfukoni, uma chooni. Nilisema nikiwa nimetazama miguu yake, na niliona vidole vyake vikijikunja ndani ya kandambili.

Alikaa kwenye baraza. Mwanamke mmoja alipita na kapu la sokoni akatuamkia, naye akamwitikia vizuri, akamuuliza hata hali ya wajukuu. Yule mwanamke alipokwenda zake, Bi Mwanaidi aliniuliza jambo moja tu. Kwa miezi yote hii nimejiandaa kwa maswali yake, nimelala nayo, nimeyajibu nikiwa nakaza nati za watu. Hili sikuwa nimelifikiria.

"Ulimwambia kwamba ni waya?"

Nikasema, "Ndiyo, mama. Nilimwambia."

Nimeandika kama nilivyosema. Sikusita hata kidogo. Mtu aliyetoka kukiri yote, moyo uko wazi, machozi yanamtoka, na bado ulimi ukachagua wenyewe.

Akavuta pumzi ndefu. Akasema basi Mbaraka alijua, akaridhia mwenyewe, na ukaidi wake ndivyo ulivyokuwa tangu mdogo, ukimwambia pole pole anakwenda mbio. Akalia kidogo kisha akacheka kidogo, akakumbuka alivyopanda mnazi siku aliyokatazwa. Akasema amri ni ya Mungu, waya ni sababu tu. Akanishika kichwa kwa mikono miwili, akasema amenisamehe, duniani na akhera, kwa niaba yake na ya mwanawe. Akalichukua lile kopo akanimiminia maji ninawe, nami nikanawa.

Nikanawa!

Nimesukuma gari kinyumenyume hadi mwisho wa kichochoro, sikutaka kuwasha injini mbele yake. Zuhura alinikuta nimekaa ndani yake nje ya nyumba, akaniuliza kama limeharibika. Nikamwambia hapana, linakwenda vizuri. Na ni kweli linakwenda vizuri. Ni kazi bora kuliko zote nilizowahi kufanya.

Kwa miezi hii nilidhani kinachonifuata ni Mbaraka. Nikisikia kikohozi kile hata kwenye pikipiki za wengine, nageuka. Leo nimekaa hapa tangu adhuhuri, injini imepoa, sisikii chochote nyuma yangu. Ameniacha. Kilichobaki ni yule mama, amekaa nyumbani kwake na moyo uliotulia, anamlaumu mwanawe kwa ukaidi ambao siku ile hakuufanya. Mbaraka nimemuua mara moja kwa haraka, na leo nimemsingizia nikiwa nimetulia. Na yeye hana kinywa cha kujibu.

Zuhura ananiita nikale. Nimemwambia nakuja.

Najaribu kufikiri kama mtu mwenye busara. Ukweli huu utamfaa nini Bi Mwanaidi? Leo atalala. Ameanza kucheka akimtaja. Nikirudi, nitamnyang'anya hicho pia, na mimi sitapata msamaha wa pili, hakuna mama anayetoa mara mbili. Nikinyamaza, nitapita kila siku na injini, atatoka mlangoni, ataniita mwanangu, na nitazeeka hivyo. Wengine wanazeeka na mabaya zaidi. Nimejibishana hivi mpaka kivuli cha karakana kimefika ukutani, na kila mara hoja ya kunyamaza inashinda, na kila ikishinda naanza upya.

Msamaha ule aliutoa kwa mtu mwingine, fundi aliyesema kweli dirishani. Mimi simjui mtu huyo.

Kesho nitakwenda kwa miguu, mapema, kabla hajaweka sikio njiani. Nitabisha hodi, na kabla hajasema karibu nitasema: mama, sikumwambia.