Vikapu Saba vya Kuniaga

Jumatano. Mvua imeanza kabla ya jogoo, hii ya kwetu isiyo na haraka, na mpaka jioni hii inanyesha tu. Nguo nilizorudi nazo kutoka ziwani Matema zimejaa mchanga na hakuna pa kuzianika. Nimekaa jikoni. Binti yangu Atupele, mwalimu, ndiye anayeandika haya ninayosema, maana mimi kalamu sijui hata inashikwa upande gani. Keshokutwa atakwenda mjini Tukuyu kuyatia kwenye hiyo kompyuta kama siku zote, watu wayasome. Andika kama ninavyosema, mama, usininyooshe.

Nimenaswa.

Ngoja nianzie mbali. Tulikwenda ziwani watu zaidi ya ishirini. Mwanangu mkubwa, Ambakisye, anayekaa Dar es Salaam, ndiye aliyetukusanya: watoto, wajukuu, na wakwe zake wa Kyela, baba na mama wa mke wake. Joto la kule, jamani! Mimi mtu wa baridi ya Mpuguso, siku ya kwanza nilivua sweta nikajiona kama niko uchi. Na huyo Ambakisye na kaptula yake ya kuogea! Mama mkwe wake akitokea tu, anakimbilia nyuma ya mtumbwi kujificha, mwanaume mzima na kitambi chake, maana kwetu mkwe hatazamwi hovyo. Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Samaki nimekula. Miguu nimeitia majini nikakaa hapo mpaka vidole vikakunjamana. Sisemi uongo, nilifurahi.

Nadhani hapo ndipo nilipokosea. Mtu akifurahi sana hachungi mdomo.

Siku ya mwisho tumekaa kwenye mikeka, wakwe upande ule, sisi upande huu. Ambakisye akasimama kushukuru. Anashukuru, anashukuru, mara akasema, "Na mama sasa anahamia kwangu Dar. Shamba limemtesa vya kutosha. Si ndiyo, mama?"

Watu wote wakanigeukia mimi.

Nikasema, "Ndiyo, baba."

Ningesema nini? Mtoto humkatalii mbele ya wakwe zake. Ningekataa pale, wale wazee wangerudi kwao wanaulizana, nyumba ya binti yetu ina nini mpaka mkwewe anaikimbia? Na yule mkamwana hana kosa lolote, ananipenda kwa moyo. Basi neno likatoka. Wakwe wakapiga makofi.

Gari la Ambakisye linakuja kunichukua Jumamosi.

Nikajisemea, nikifika nyumbani nitapata pa kupumulia. Wapi! Hizi simu za mkononi zimeharibu safari. Zamani mtu ulirudi na habari zako mwenyewe, unazigawa polepole. Siku hizi habari inafika, inaoga, inakula, wewe bado uko stendi. Jana nimefika na kikapu changu cha usipa kichwani, wale dagaa wa ziwani, nikamkuta jirani yangu Subilaga mlangoni kwangu, kakumbatia kuku.

"Mwenzangu! Nimekuja kukuaga."

Kuniaga! Na mimi hata viatu sijavua.

Nikapokea kuku, nikasema ndaga, asante. Tangu hapo hawajakoma. Huyu magimbi, huyu maharage, huyu ndizi, "maana Dar, mama, mtu unakula nini kule?" Vikapu saba viko hapo ukutani. Kwetu kikapu cha mtu hukikatai, na ukipokea cha kuagwa, basi umeagwa. Kila nikisema asante ni kama wamenifunga fundo jingine.

Na wameshanigawa. Chai yangu haijachumwa siku zote nilizokuwa ziwani, imeota imekuwa vichaka, majani yamekomaa, kiwandani hawayataki. Subilaga ameshaizunguka yote, ananiuliza nitamwachia mpaka kwenye mparachichi au mpaka mtoni. Na misibani hapa mimi ndiye mwanzishaji wa nyimbo, tangu mume wangu yuko hai. Leo naambiwa wameshampa mwingine. Sauti anayo, sikatai. Lakini anaanza juu mno, sisi vikongwe tutamfikia na nini?

Mzee wangu amelala hapo migombani. Nimekwenda kumweleza. Hakusema kitu. Hata alipokuwa hai hakuwa msemaji, mimi ndiye nilisema kwa ajili yetu wote wawili.

Yule kuku nimemfunga kwenye mguu wa meza. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Ukimfungua, anarudi kwao. Kutwa nzima namtazama. Nikajiona mimi huko Dar, nimekalishwa kwenye kochi, nimewashiwa televisheni, geti limefungwa.

Hapa Atupele ameacha kuandika. Anasema, "Mama, kaka anasomaga haya huko ofisini kwake. Nifute?"

Kyala, Mungu wetu, anajua, sikujua. Mimi nilidhani wanasoma watu wa mbali.

"Na wakwe wanasoma?"

"Wakwe hawana kompyuta, mama."

"Basi acha. Kwani nimemwambia yeye? Mimi naongea na mvua."

Na kuna jambo nimelikumbuka saa hii, wakati anaandika. Kikapu cha mtu hakirudi kitupu. Na huu usipa niliwaletea hao hao, zawadi ya safari. Sijaona mtu anayeaga kwa zawadi ya safari. Anayegawa usipa ni mtu aliyerudi. Kesho, mvua ikatike isikatike, nitavipeleka vikapu vyao nyumba kwa nyumba, na usipa ndani, nisalimie kama mtu aliyerudi. Kuku nitamfungua.

Sijui kama itatosha. Jumamosi nikiuona uso wa Ambakisye naweza kusema "Ndiyo, baba" tena. Yule nilichuma chai naye mgongoni. Mdomo wangu mwenyewe ndio ninaouogopa.

Tumeugawa usipa mafungu manane. Saba ni ya vikapu.

La nane ni la Ambakisye. Gari la mtu nalo halirudi tupu.