Hakuna wa Kunijibu Kimernyang

Baba,

Nakuandikia kwa Kiswahili, na naona haya. Lakini Kimernyang chako ulinipa kwa mdomo tu, ukipiga cherehani barazani kwetu Majengo. Kukiandika hukunionyesha, nami sikuuliza.

Hitima yako imesomwa, jirani wamechukua mikeka na masufuria yao, nyumba imenyamaza. Jana nilipima kitambaa cha kanzu nikajikuta nahesabu kwa lugha yako, kwa sauti, kama wewe. Nilipomaliza nikangoja useme kama nimepatia. Nikalia juu ya kitambaa cha watu.

Wakumbuka walivyokuita Mhausa kuanzia hapa hadi Bondeni? Ulichoka kuwaeleza kwamba Nigeria si Wahausa watupu, kwamba kwenu ni jimbo la Plateau, kwamba Kihausa na Kimernyang vina undugu wa mbali tu. "Haya, Mhausa basi," ulisema mwishowe, ukacheka.

Nilimpigia shangazi simu huko kwenu. Aliposikia salamu yangu alisema nazungumza kama ulivyozungumza wewe ulipoondoka. Wajukuu wake, Baba, humjibu kwa Kihausa. Tukalia, yeye kule, mimi huku, mpaka simu ikakatika. Sijawahi kuwa mpweke hivyo mchana kweupe.

Na Mama je? Si unajua alivyotugombeza tukizungumza mbele yake: "Hamuna haya nyinyi, mwanisengenya nami nipo!" Miaka yote hakutaka kujifunza hata neno la kuombea maji. Leo asubuhi nimempelekea chai, nikamsalimu kwa Kiswahili. Hakuipokea ile salamu.

"La, mwanangu," akaniambia. "Nisalimu ulivyokuwa ukimsalimu babako. Si lazima nifahamu."

Nikamsalimu. Akafumba macho, akasikiliza. Pale ulipozoea kujibu pakawa kimya, na kimya kile kilituumiza sote wawili.

Basi nimeanza kumfundisha lile jibu lako. Analivunjavunja, ungecheka mpaka ushike mbavu. Anakasirika, anasusa, halafu ananiita nirudie.

Kwaheri, Baba yangu. Nakuahidi kila asubuhi nitasalimu nyumbani humu kwa lugha yako, na sitamwacha Mama mpaka anijibu.

Mwanao,
Halima